Mtoto ana utapiamlo mkali na nimonia: tujifunze nini kwa Dkt. Chisti na CPAP yake ya mapovu?

Tarajali_Kusini ameuliza:

Habari za leo wakuu. Mimi ni daktari tarajali, nataka kuomba MMED (uzamili wa udaktari) ya watoto na baadaye nijikite kwenye utafiti wa lishe ya wachanga na magonjwa ya upumuaji. Kila nikisoma mambo haya mawili kwa pamoja nakutana na Mohammod Jobayer Chisti, daktari wa Dhaka, Bangladesh, na ile chupa yake ya shampuu inayompa mtoto CPAP, yaani shinikizo la hewa lisilokatika puani anapopumua. Mitandaoni inasimuliwa kama hadithi ya sungura: chupa, maji, mrija, watoto wamepona, kwisha. Nahisi kuna kazi ya miaka mingi imerukwa hapo katikati.

Wenye uelewa mnieleze alifikaje pale, kifaa chenyewe kinaundwaje na kinaharibikia wapi, na kwa nini utapiamlo unatajwa kila inapozungumzwa nimonia ya mtoto. Halafu mtu wa huku kwetu aanzie wapi? Naomba nyama, si mifupa.

Pumzi_Ndefu amejibu:

Tarajali, anza na mahali, maana mahali ndipo penye nusu ya jibu. Hospitali ya Dhaka anakofanyia kazi Chisti iko chini ya icddr,b, kituo cha kimataifa cha utafiti wa magonjwa ya kuharisha kilichoanza mwaka 1960 kama maabara ya utafiti wa kipindupindu. Ni Dhaka huko huko ORS, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, ilikojaribiwa kwa wagonjwa wa kipindupindu mwaka 1968. Yaani ni sehemu iliyozoea kulichukua swali wodini na kulirudisha wodini likiwa na jibu. Wagonjwa wao wengi ni wa kuharisha. Ukiwa na watoto wengi wanaoharisha utakuwa na waliokonda wengi, na ukiwa na waliokonda utakuwa na nimonia. Hakulifuata swali la lishe na mapafu. Alilikuta limelala kitandani.

Kwa maelezo aliyoyatoa hadharani, mwaka 1996 akiwa daktari mchanga Sylhet aliona watoto watatu wakifa kwa nimonia katika usiku wake wa kwanza. Baadaye alikwenda Melbourne kwa mafunzo, akakuta CPAP ya mapovu inatumika kwa vichanga. Aliporudi Dhaka, chupa ya shampuu iliyobaki na mapovu ndani ndiyo iliyomfanya aone kwamba kanuni ile ile inaweza kufanya kazi kwa vifaa vya dukani. Gharama iliyotajwa ilikuwa kama dola 1.25 kwa kifaa, wakati ventileta moja (mashine ya kupumulia) ni maelfu ya dola.

Sasa hapa ndipo wasimulizi wanaporuka. CPAP kwa njiti inajulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo hakubuni kanuni. Kilichokuwa kipya ni kuichukua kwa watoto wa chini ya miaka 5 wenye nimonia kali na oksijeni pungufu, wengi wao wakiwa na utapiamlo, na kisha kuipima kwa haki dhidi ya matibabu yaliyokuwepo. Kuanzia Agosti 2011 hadi Julai 2013 waliingizwa watoto 225, wakagawanywa kwa nasibu katika makundi matatu: 79 CPAP ya mapovu, 67 oksijeni ya kawaida ya mtiririko mdogo, 79 oksijeni ya mtiririko mkubwa. Waliokufa: 3 kwenye mapovu (4%), 10 kwenye mtiririko mdogo (15%), 10 kwenye mtiririko mkubwa (13%). Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa kwa sababu vifo vya kundi la mtiririko mdogo vilikuwa vingi mno. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2015.

Hesabu miaka: 1996 hadi 2015. Katikati kuna mapitio ya machapisho, uchunguzi wa dalili za nimonia kwa watoto wenye utapiamlo, uchunguzi wa kifua kikuu kwa watoto hao hao, vibali, na wauguzi waliofundishwa. Watu wanaikumbuka chupa tu.

Fundi_Oksijeni amejibu:

Nijibu la kifaa, lakini ondoa kwanza wazo kwamba ni la kujitengenezea nyumbani au kwenye zahanati isiyo na oksimita, kile kipima oksijeni ya damu kinachobanwa kidoleni au mguuni. Hapo ni hatari tupu.

Sehemu ni nne: chanzo cha oksijeni chenye kipimo cha mtiririko, mrija wa kuingiza, vipachiko laini vya puani vinavyojaza tundu vizuri bila kubana, na mrija wa kutolea ambao ncha yake imezama kwenye chupa ya maji. Mtoto anapotoa pumzi, hewa inalazimika kuusukuma mzigo wa maji ndipo itoke. Ncha ikizama sentimita 5, anapumua dhidi ya shinikizo la sentimita 5 za maji. Shinikizo hilo linazuia vifuko vya hewa visijifunge mwishoni mwa pumzi. Umeshasikia mtoto wa nimonia anavyoguna kila anapotoa pumzi? Ule mguno ni mwili unajitengenezea CPAP yake kwa kufunga koo. Kifaa kinampumzisha na kazi hiyo.

Kina unakipima kutoka usoni mwa maji hadi kwenye ncha ya mrija, si kutoka mdomo wa chupa. Bandika utepe wenye alama za sentimita nje ya chupa, funga mrija usicheze, na ncha isiguse kitako. Anza na 5. Ukipandisha, panda sentimita moja moja ukimtazama mtoto, na 10 ndiyo dari. Mtiririko uwe ule unaofanya maji yabubujike bila kukatika, basi. Kuongeza zaidi ya hapo ni kumkausha pua na kumjaza tumbo upepo.

Kabla ya kumwekea, ziba vipachiko kwa vidole: mapovu lazima yatoke. Achia: lazima yakome. Yasipotoka ukiwa umeziba, kuna tundu mahali au kiungo kimelegea.

Yanayoharibika, kwa mpangilio wa ninavyoyaogopa:

Chupa iliyofungwa kifuniko bila tundu la kupumulia. Hewa haina pa kutokea, shinikizo linapanda bila kipimo na pafu linaweza kupasuka. Kifuniko lazima kiwe na tundu kubwa kuliko mrija unaopita humo. Kosa hili halionekani kwa macho, kwa sababu mapovu mwanzoni yanatoka kama kawaida.

Mrija mwembamba wa kutolea. Watu wanachukua mrija wa dripu kwa kuwa ndio uliopo. Mwembamba una ukinzani wake wenyewe, unaongeza shinikizo juu ya lile la maji. Unasoma 5 kwenye chupa, kumbe puani ni zaidi. Tumia mpana na mfupi.

Maji yaliyokusanyika kwenye kona ya mrija yanafanya vile vile. Pandisha mrija, yamwage kuelekea kwenye chupa, kamwe si kuelekea kwa mtoto.

Mapovu yakikoma ghafla, mara nyingi mdomo uko wazi au kipachiko kimechomoka. Rekebisha kipachiko kwanza. Usikimbilie kuongeza oksijeni. Kagua pia ukuta wa kati wa pua kila baada ya saa chache. Ukianza kuwa mwekundu au mweupe, legeza, la sivyo unakatika.

Maji yanapungua kwa mvuke, na kina kinapungua nayo. Jaza hadi alama ile ile, badilisha yote kila siku.

Na hili la mwisho: kifaa hiki hakina kichanganya hewa. Mtoto anapata oksijeni karibu tupu. Kwa mtoto wa miezi minane mwenye nimonia hilo linavumilika kwa muda. Kwa njiti ni tatizo kubwa, macho yake yanaweza kuharibika. Njiti anahitaji mfumo wenye kichanganya hewa na oksimita isiyomwacha, siyo chupa ya shampuu.

Lishe_Kwanza amejibu:

Wakuu wameeleza mapafu na mabomba. Ngoja niingie jikoni.

Kwa nini utapiamlo? Kwa sababu unazificha dalili, na unakunyang'anya dawa ulizozoea. Mtoto mwenye afya akipata nimonia, kifua kinabonyea kwa sababu ana misuli ya kukivuta. Aliyekonda misuli ya kupumulia imeliwa pamoja na mingine. Kifua hakibonyei sana, homa haipandi, wakati mwingine mwili uko baridi chini ya 35. Unamtazama, unasema "ametulia". Hajatulia huyo, amechoka. Kwa hiyo hesabu pumzi dakika nzima, si sekunde 30 mara mbili: 60 na zaidi kwa wa chini ya miezi 2, 50 na zaidi kuanzia miezi 2 hadi 11, 40 na zaidi kuanzia miezi 12 hadi 59. Halafu oksimita kwa kila mtoto mwenye utapiamlo mkali, hata asiyekohoa. Chini ya 90% anahitaji oksijeni. Pasha moto mguu kwanza, na kama vidole vimepakwa piko, hamia sehemu nyingine maana rangi nyeusi inaweza kuzuia usomaji. Kumbuka pia kwamba oksimita huelekea kusoma juu kidogo kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo 91% ya mtoto anayehangaika isikupe usingizi.

Utapiamlo mkali kwa wa miezi 6 hadi 59 ni mkanda wa MUAC (mzunguko wa mkono wa juu) chini ya milimita 115, au uzito kwa urefu chini ya alama -3 kwenye chati ya ukuaji (z-score), au uvimbe unaobonyea wa miguu yote miwili. Kimojawapo kinatosha.

Maji sasa, na hapa ndipo wengi tunapoua kwa nia njema. Moyo wa mtoto huyu ni dhaifu. Dripu za haraka zinamfikisha kwenye moyo kushindwa, na moyo ukishindwa pumzi zinakwenda mbio: unadhani nimonia imezidi, kumbe ni maji yako. Ukiona pumzi zimeongezeka kwa 5 kwa dakika na mapigo nayo yanapanda wakati unamnywesha ReSoMal (maji ya chumvi na sukari ya wenye utapiamlo mkali), simama hapo hapo. Dripu ni kwa mshtuko tu (damu haifiki vizuri mwilini), taratibu, huku unamtazama.

Chakula cha siku za mwanzo ni F-75, maziwa maalumu mepesi ya tiba, siyo F-100 yaliyo mazito zaidi, na wala si uji mzito wa "kumpa nguvu". F-75 ina kilokalori 75 na protini kama gramu 0.9 kwa mililita 100. Kipimo ni mililita 130 kwa kilo kwa siku, 100 kama uvimbe umekithiri. Mtoto wa kilo 6 asiye na uvimbe mkali: 130 mara 6 ni 780, ukigawa milo 12 ni 65 kila saa mbili. Usiku pia. Mlo wa saa nane za usiku ukirukwa, sukari ya damu inashuka chini ya milimoli 3 kwa lita, na asubuhi watu wataandika kwamba amekufa kwa nimonia.

Akiwa kwenye CPAP mlishe kwa mpira wa puani, si kwa kikombe. CPAP inapeleka upepo tumboni. Tumbo lililojaa linasukuma kiwambo juu, anatapika, maziwa yanaingia pafuni. Kabla ya kila mlo vuta upepo kwa bomba la sindano, mwinue kichwa na kifua, acha maziwa yashuke kwa uzito wake bila kusukuma. Baina ya milo mpira uachwe wazi ili upepo utoke. Anayehangaika sana kupumua, au tumbo limekaza kama ngoma, ruka mlo huo, mpe glukosi kwa mshipa huku unapima sukari.

Antibiotiki kwa wote, hata bila homa: ampisilini miligramu 50 kwa kilo kila saa 6 na jentamaisini 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku ndiyo mwanzo wa kawaida kwa mwenye utapiamlo mkali na matatizo. Asipopata nafuu, fikiria kifua kikuu mapema. Chisti alilifanyia kazi sana suala hilo, na linasahaulika kwa kuwa halina picha ya chupa.

Tarajali_Kusini:

Shukrani nyingi. Nimeisoma mara mbili. Sasa nina swali linaloniwasha: nimekuta utafiti wa Malawi ambako CPAP hii hii haikuokoa, vifo vilizidi. Nani yuko sahihi?

Takwimu_za_Pwani amejibu:

Wote. Swali zuri ni "kwa nani, wapi, nani yupo zamu".

Malawi ilikuwa hospitali ya wilaya ya Salima, watoto 644 wa mwezi 1 hadi 59 wenye nimonia kali na hatari ya ziada: VVU au kuzaliwa na mama mwenye VVU, utapiamlo mkali, au oksijeni chini ya 90%. Vifo vilikuwa 17% kwenye CPAP na 11% kwenye oksijeni ya kawaida. Matokeo yalitoka 2019. Ilikuwa wodi ya kawaida ya watoto, bila daktari wa kila siku na bila huduma ya mahututi. Dhaka ilikuwa na chumba cha mahututi na daktari karibu. Katikati yao iko Ghana: watoto 2,200, hospitali mbili zisizo za rufaa, chapisho la 2017. Kwa jumla hakukuwa na tofauti ya maana katika vifo, lakini kwa walio chini ya mwaka 1 ilikuwa 3% dhidi ya 7%, kwa faida ya CPAP. Ila wale waliingizwa kwa shida ya kupumua ya aina yoyote, si nimonia peke yake.

Ukiziweka tatu pamoja unaona kanuni ni ile ile, kinachobadilika ni macho yanayoitazama. Tumbo likijaa Dhaka kuna mtu analiona. Likijaa saa tisa usiku kwenye wodi ya vitanda vingi na muuguzi mmoja, hakuna.

Jambo la pili ni takwimu. Jaribio la Dhaka lilikuwa dogo na lilisimama mapema. Majaribio yanayosimama mapema kwa sababu ya matokeo mazuri huelekea kuikuza faida kuliko ilivyo. Uwiano wa hatari ya kifo, mapovu dhidi ya mtiririko mdogo, ulikuwa 0.25 (yaani robo), lakini wigo ambamo ukweli unaweza kuwa ni 0.07 hadi 0.89. Kwa hiyo faida inaweza kuwa kubwa sana au ndogo tu. Jifunze kusoma wigo kabla ya namba ya katikati.

Ukitaka kupanga la kwako: tuseme vifo wodini kwako ni 15% na unadhani utavishusha hadi 7.5%. Kwa nguvu ya 80% (uwezekano wa kuiona tofauti kama ipo) na kiwango cha 5% (uwezekano wa kuiona isiyokuwepo) unahitaji takribani watoto 275 kila upande, 550 jumla, kabla ya kuongeza wa kufidia watakaopotea. Sasa hesabu wodi yako inalaza wangapi wa aina hiyo kwa mwaka. Kama ni 60, hilo ni jaribio la miaka tisa. Tafuta hospitali nyingine nne au badili swali.

Na usiseme hili halijatugusa. Jaribio la FEAST, Kenya, Uganda na Tanzania, lilitoa matokeo mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Dripu za haraka zilikuwa ndizo mafundisho ya vitabu. Vifo ndani ya saa 48 vilikuwa kama 10.5% kwa waliopewa na 7.3% kwa wasiopewa. Wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa humo. Jambo lililoonekana la busara kila mahali lilikuwa linaua, na lisingejulikana bila kupimwa huku huku.

Fundi_Oksijeni:

Naongeza kidogo hapo kwa Takwimu. Kuna hesabu ya oksijeni ambayo wanaopanga utafiti huisahau. Konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani) ya lita 5 kwa dakika inaweza kugawa lita 1 kwa watoto wanne na ikabaki na akiba. Mtoto mmoja wa CPAP anaweza kuimeza karibu yote. Ukiwa na konsentreta moja na watoto wanne, kumweka mmoja kwenye mapovu ni kuwaondolea watatu. Na umeme ukikatika, mapovu yanakoma sekunde hiyo hiyo. Mtungi wa akiba uwe umeshafungwa kipimo na spana iwe imening'inia hapo hapo, si stoo.

Pumzi_Ndefu:

La njia ya kazi, kwa kifupi maana wenzangu wamemaliza mengi.

Usianze na jaribio. Anza na rejesta. Chukua faili za miezi 6 za watoto wa chini ya miaka 5 waliolazwa kwa nimonia, jaza safu hizi: umri, uzito, urefu, MUAC, uvimbe, oksijeni alipofika, saa ya kupata oksijeni, saa ya mlo wa kwanza, matokeo. Utakuta MUAC haijaandikwa kwa wengi na oksijeni haijaandikwa kwa wengi zaidi. Hilo lenyewe ni chapisho, na ndilo litakalokuonyesha swali. Lakini hata faili zinahitaji kibali cha kamati ya maadili kabla hujafungua la kwanza. Kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma, na majarida yanauliza namba.

MMED ya watoto Muhimbili ni miaka mitatu, na tasnifu yako itumie swali hilo hilo badala ya kubuni jingine. Chukua cheti cha kanuni bora za majaribio ya kitabibu mapema. Ukifika kwenye jaribio lenyewe: maadili ya taifa kupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kwa kuwa kifaa tiba kinahusika, na usajili kwenye rejesta ya majaribio ya Afrika, PACTR, kabla ya mshiriki wa kwanza. Weka kamati huru ya kuangalia usalama yenye mamlaka ya kusimamisha, kama Dhaka. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha mama anayenyonyesha, na imweleze wazi kwamba akikataa mtoto atapata matibabu yale yale ya kawaida.

Mtafute msimamizi wa lishe na wa mapafu wote wawili. Ukiwa na wa mapafu pekee, mlo wa usiku hautaingia kwenye itifaki.

Lishe_Kwanza:

Na maziwa ya mama usiyaache nje ya fomu. Kwa wa chini ya miezi 6, andika ananyonya vipi, amepewa nini kingine, na mama mwenyewe anakula nini. Akiwa kwenye mapovu hanyonyi, kwa hiyo mama akamue maziwa kila saa tatu tangu siku ya kwanza. Ukisubiri hadi mtoto atoke kwenye oksijeni, siku ya nne maziwa yamepungua, na unamruhusu mtoto aliyepona nimonia aende nyumbani kwa chupa na unga wa kopo.